Msiitupe Printa Hiyo

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi yangu iko kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, na simu zinazoniita Runyenjes, Chuka au Nkubu husema jambo moja: "Fundi, tumenunua kompyuta mpya, sasa printa imekataa."

Mara nyingi printa ni nzima. Kinachokosekana ni draiva, ile programu inayogeuza barua yako kuwa amri ambazo printa inazielewa. Kampuni huandika draiva kwa ajili ya mifumo iliyopo wakati printa inauzwa, kisha hushughulikia modeli nyingine. Enzi za Windows XP kompyuta nyingi zilikuwa za biti 32. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni ya biti 64 tu, na draiva ya biti 32 haiingii humo hata ukiibembeleza.

Mgonjwa ninayekutana naye zaidi ni HP LaserJet 1010, printa ya mwaka 2003. Wenye saiba hawaiachi, nami siwalaumu. Inatumia katriji ya 12A, sawa na 1018, 1020 na 1022, na wa kuijaza tona hakosekani mjini. Januari, wazazi wanapopanga foleni kutoa fomu za basari, sijaona printa ndogo ya wino inayoistahimili kazi hiyo.

Mwalimu mkuu mmoja upande wa Runyenjes alikuwa ameshaandikia bodi barua ya kuomba printa nyingine. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu ishike kwanza hiyo barua."

Nilichomeka kebo ya USB, nikawasha printa, nikasubiri kompyuta iitambue. Ikitambuliwa, katika orodha ya milango huzuka mmoja unaoitwa DOT4_001. Hapo sikuiacha kompyuta ijitafutie draiva yenyewe. Niliongeza printa kwa mkono, nikauchagua mlango huo, nikabonyeza kitufe cha Windows Update ili orodha ndefu ya draiva ishuke. Orodha hiyo huchukua muda na bando, kwa hiyo usiifunge ukidhani imekwama. Kwenye safu ya HP nikachagua LaserJet 3055 PCL5.

"Fundi, hiyo ni ya 3055. Yetu ni 1010."

"Ni ndugu, Mwalimu. Wanasikilizana."

Karatasi ya majaribio ikatoka. Siri yenyewe ni PCL5, lugha ya amri ambayo printa zote mbili zinaijua. Ndiyo maana ujanja huu haufai kwa kila printa. LaserJet 1018 na 1020 hazizungumzi PCL. Husubiri kompyuta izipe hata programu yao ya ndani kila zinapowashwa. Hizo zitafutie draiva zao wenyewe.

Ofisi za ushirika wa kahawa zina shida ya aina nyingine. Huko kuna Epson LX-300, zile za kupiga kelele, kwa sababu pini zake hugonga karatasi na kutoa nakala za kaboni kwa mpigo mmoja, kazi ambayo leza haiwezi. Soketi yake pana haina pa kuingia kwenye kompyuta ndogo ya leo. Nunua kebo ya kugeuza USB, kisha kumbuka kuitoa printa kwenye mlango wa LPT1 na kuipeleka USB001. Watu wengi hukwama hapo, wakaisingizia kebo.

Zipo ninazozikatia tamaa upande wa Windows, kama LaserJet 1000 ya mwaka 2001. Hiyo huifungia kompyuta kuukuu yenye Linux, ambayo bado inaijua, nayo huifanyia kazi hiyo moja tu.

Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za kampuni za printa kupitia Windows Update. Njia niliyoitumia Runyenjes inategemea orodha hiyohiyo. Basi kama printa yako inafanya kazi leo, pakua draiva yake, iweke kwenye flashi, uandike juu yake jina la modeli, kisha uifungie droo moja na risiti zako.