Pumzi na Huruma: Desturi ya Watibet ya Kupokea na Kutoa

Miongoni mwa desturi za ibada za watu wa Tibet iko moja ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza huidhani imepinduliwa. Sisi sote tuvutapo pumzi twatamani kuingiza hewa njema, na tuitoapo twaona tumetoa iliyochakaa. Bali wafuasi wa Buddha katika nchi ile hufundishwa kuvuta pamoja na pumzi maumivu ya mwenzao, na kutoa pamoja nayo raha yao wenyewe. Habari za desturi hii zimekwisha kuenea mbali na kwao, na wako waisikiao wakadhani ni namna ya uganga. Kwa hiyo yatupasa kueleza asili yake, maneno yake na jinsi ifanywavyo, ili mwalimu aulizwapo asijibu kwa kubahatisha.

Watibet huiita tonglen. Neno hili ni vitenzi viwili vilivyounganishwa: tong, maana yake kupeleka au kutoa; na len, maana yake kutwaa au kupokea. Huruma kwao ni nyingje, nalo ni maneno mawili: nying ni moyo, na je ni bwana. Basi huruma ndiyo bwana wa moyo. Si hisia ipitayo tu, bali ni mwenye kutawala. Tena neno lao lung ni upepo na pia ni pumzi, nao husema kwamba nia ya mtu hupanda juu ya lung kama mtu apandavyo farasi. Hapo twafahamu kwa nini zoezi la huruma limefungwa na pumzi: farasi akienda kwa utulivu, mpandaji naye hutulia.

Asili yake yatajwa hivi. Katika mwaka 1042 mwalimu Atisha, mzaliwa wa Bengal, alifika Tibet. Kabla ya hapo alikuwa amesafiri kwa bahari hata Sumatra, akakaa miaka 12 hivi kwa mwalimu ambaye Watibet humwita Serlingpa, yaani mtu wa Kisiwa cha Dhahabu. Kwake alijifunza njia ya kubadilishana nafasi na mwenziwe: mtu ahesabu shida ya mwingine kuwa yake. Atisha alikufa Tibet mwaka 1054, na wanafunzi wake waliyashika mafundisho hayo, wakiyatoa kwa wachache tu.

Baadaye alitokea Chekawa, aliyeishi tangu 1101 hata 1175. Yasimuliwa kwamba siku moja aliona nyumbani kwa mwenzake maandishi mafupi ya Langri Thangpa, yaliyoshauri mtu amwachie mwenziwe ushindi, naye ajichukulie hasara. Neno hili lilimchoma moyo, akafunga safari kumtafuta mwandishi, akakuta amekwisha kufa. Hakurudi, alimtafuta Sharawa, mwalimu mwingine wa ukoo ule wa mafundisho, akakaa kwake miaka mingi. Chekawa ndiye aliyeyapanga mafundisho katika mambo saba, akayatoa wazi kwa watu wote. Yasemwa aliwafundisha wenye ukoma, ambao watu walikuwa wakiwakimbia, hata mafundisho yenyewe yakapewa jina la ugonjwa ule.

Sasa tueleze jinsi ifanywavyo. Mtu huketi wima, akayaacha mawazo yake yatulie kwa kuiangalia pumzi iingiapo na itokapo. Kisha humkumbuka mtu mmoja mwenye shida. Wengi hufundishwa kuanza na mama, kwa sababu wema wake hauhitaji hoja. Avutapo pumzi huwaza kwamba shida ya mtu yule yaingia kama moshi mweusi, ikaufikia ule ubinafsi uliokaa moyoni mwake na kuuvunja. Atoapo pumzi huwaza kwamba afya yake, amani yake na kila jema alilo nalo latoka kama nuru nyeupe, likamfikia yule. Akiisha kuzoea, huendelea kwa rafiki, kisha kwa mtu asiyemjua, mwisho kwa adui. Naye aonaye moyo wake mzito mno huambiwa aanze na nafsi yake mwenyewe: apokee leo taabu ambayo huenda ikampata kesho.

Zoezi hili halikuwekwa kwa saa ya kuketi peke yake. Chekawa aliagiza kwamba asubuhi mtu aweke nia, na jioni ajichunguze kama ameishika. Kati ya saa hizo mbili kuna barabara, soko, kazi na ugomvi. Akipatwa na hasira njiani, huvuta pumzi moja akiwakumbuka wote wenye hasira kama yake. Akila chakula kizuri, hutoa pumzi moja kwa ajili ya wenye njaa. Tena hukatazwa kutangaza afanyalo au kungojea shukrani.

Yako makosa mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni kuidhani kuwa dawa. Sisi twazijua desturi za kuhamisha ugonjwa, kwamba maradhi hutolewa kwa mtu yakatiwa katika kuku au mbuzi. Na msikiaji aweza kuogopa kwamba avutaye pumzi namna hii ataugua. Lakini walimu wa Tibet hufundisha kwamba kiuguacho hapa ni ubinafsi, nao ndio ukusudiwao kufa. Kosa la pili ni kuifananisha mno na sala. Watawa wa Kikristo wa Mlima Athos, huko Ugiriki, nao huifuatisha pumzi katika sala fupi ya kumwomba Yesu rehema. Lakini wao huomba kwa Mmoja asikiaye, na dini ya Buddha haifundishi habari za Mungu Muumba. Atendaye tonglen haombi rehema, hujizoeza kuitoa. Mwalimu asiifiche tofauti hii, wala asiifanye kuwa sababu ya dharau.

Limebaki swali la tafsiri. Wengine wangesema kutwaa na kutoa, kwa kuwa yapendeza masikioni. Lakini kutwaa mara nyingi ni kuchukua kwa nguvu, na maumivu ya mtu hayatwaliwi hivyo. Sisi twachagua kupokea. Mtoto amwonapo mama yake akitoka kisimani na mtungi kichwani, hukimbia kumpokea. Na mgeni afikapo, jambo la kwanza ni kumpokea mzigo. Neno hili lina heshima ndani yake, kwa maana apokeaye hamwachi mwenye mzigo mikono mitupu: humpa kiti na maji. Ndiyo tonglen yenyewe.

Tangu mwaka 1959, Watibet wengi walipoikimbilia Bara Hindi pamoja na Dalai Lama wa 14, mafundisho haya yalifika Ulaya na Marekani, na mtawa Pema Chödrön, mzaliwa wa New York, ameyaeleza katika vitabu vyake. Lakini kisa chake si kigeni kwa yeyote aendaye kuwaangalia wagonjwa. Twaingia katika chumba chenye harufu ya ugonjwa, nasi bila kutaka twazuia pumzi. Twasema pole kwa haraka, na macho yetu yatafuta mlango. Mgonjwa aliona hayo kabla hatujasema neno. Zoezi la Watibet laanzia pale pale, katika pumzi ile iliyozuiwa: lamtaka mtu aiachie, aketi, asiogope kuvuta hewa moja na yule alalaye mbele yake. Kisha na anyoshe mkono amnyweshe maji, kwa maana huruma iliyoishia katika pumzi bado haijampokea mtu mzigo.