Bei, Ladha na Kisichoonekana: Urazini wa Mnunuzi wa Chakula kati ya Osukuru na Busia

Nadharia ya kawaida ya uchumi humchukulia mlaji kuwa mtu mrazini: anazijua bidhaa, analinganisha bei zake, kisha anachagua ile impayo manufaa makubwa zaidi kwa fedha alizo nazo. Mwaka 1955 Herbert Simon aliutilia shaka mtazamo huo, akishikilia kwamba binadamu huamua ndani ya mipaka ya taarifa, muda na uwezo wa kukokotoa. Katika mpaka wa Uganda na Kenya, kutoka Osukuru wilayani Tororo hadi Busia, mipaka hiyo haipo pale inapodhaniwa.

Mnunuzi wa huku hahitaji kufundishwa hesabu. Hulinganisha bei kwa sarafu mbili, shilingi ya Uganda na shilingi ya Kenya. Upande wa Kenya nafaka hupimwa kwa gorogoro, kopo la takriban kilo mbili. Mnunuzi hulikagua lisiwe limebonyezwa kitako, na hudai lijazwe hadi lifanye kichuguu. Anayenunua gorogoro moja moja badala ya gunia hulipa zaidi kwa kila kilo, jambo ambalo mtazamaji wa mbali angeliita upungufu wa urazini. Lakini kipato cha siku hakinunui gunia.

Mapendeleo nayo hayapingani na hesabu. Kwa Wateso, wanaoishi pande zote mbili za mpaka, ugali wa wimbi au mtama uliochanganywa na muhogo una heshima ambayo ugali wa mahindi hauna. Wimbi likipanda bei, muhogo huweza kuongezwa katika mchanganyiko: jina la chakula hubaki, gharama hupungua.

Tatizo liko katika kile ambacho jicho na ulimi havikifikii. Sumukuvu, yaani aflatoksini, haina ladha ya kumwonya mlaji, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Cheti husafiri na lori. Gorogoro haina cheti.

Hivyo mahindi yaliyokaushwa vyema na yaliyonyeshewa uani huweza kukutana kwenye turubai moja, kwa bei moja. George Akerlof alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1970: ubora usipotambulika haulipiwi, na muuzaji mwangalifu huona kazi yake haina malipo. Mnunuzi achaguaye bei ya chini amekokotoa sawasawa kwa taarifa alizo nazo. Anachoweza kukipima ni ukavu, kwa kuing'ata punje; nao ukavu wa leo hauoneshi unyevu wa mwezi uliopita.