Dawa Mbili kwa Homa Moja
Katika mwambao wa Rumonge, penye joto, michikichi na mbu, homa ya mtoto si jambo la kungojewa. Mwaka 2003 Burundi ilianza kutibu malaria kwa dawa mbili pamoja: artesuneti na amodiakwini. Artesuneti asili yake ni pakanga ya Kichina, iliyochunguzwa na Bibi Tu Youyou miaka ya 1970. Huua vijidudu upesi, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Amodiakwini hubaki na kuvimaliza vilivyosalia.

Kwa hiyo joto lishukapo siku ya pili, mama asikatize vidonge vya siku 3. Wala chai ya pakanga isishike nafasi yake, kwani nguvu yake haina kipimo, na vijidudu vinavyopona huzoea dawa.