Bamvua, Kimbunga na Simu: Kamera Itazame Wapi Kiuyu?

Video za vimbunga zinafanana mno. Minazi imelala upande mmoja, mabati yanapaa, mvua inakwenda mlalo, na sauti ya upepo imegeuka mkwaruzo kwa sababu kinasa sauti cha simu kimezidiwa. Mpe mtu atazame kumi mfululizo, kisha umuulize ipi ni ya Mayotte, Desemba 2024, na ipi ni ya Cabo Delgado, Aprili 2019. Hatakuwa na la kushika. Hata jina la mahali linaweza kumpoteza. Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu ya Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, kaskazini ya mji unaoitwa Pemba, na mji huo uko karibu kilomita 900 kusini mwa kisiwa chetu cha Pemba. Video yenye maandishi "Pemba" tu, bila saa wala alama ya mahali, yaweza kuwa ya kwao au ya kwetu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba simu zilizomo mikononi mwa watu wa Kiuyu, Pemba, zinaweza kuziba pengo kubwa katika elimu ya vimbunga vya pwani yetu, lakini zitaliziba iwapo tu zitaacha kuukimbilia upepo na kuanza kuyashughulikia maji.

Kwanza tuuone udhaifu wa picha ya upepo. Nguvu ambayo upepo unausukumia ukuta haiongezeki sawa na mwendo wake. Upepo wa kilomita 120 kwa saa unasukuma mara nne zaidi ya ule wa kilomita 60, si mara mbili. Machoni, hata hivyo, tofauti hiyo haionekani vizuri, maana mnazi unaopindwa na upepo wa 80 na ule unaopindwa na upepo wa 110 karibu inapinda sawa, na majani yameshakusanywa upande mmoja yote. Francis Beaufort, ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza aliyetunga ngazi yake ya upepo mwaka 1805, alisimamisha hesabu kwenye daraja la 12 kwa sababu ya namna hiyo: ikishafika hapo, tanga haliwezi tena kumwambia nahodha kitu. Lenzi ya simu nayo ni pana, kwa hiyo wimbi la mita nne lililo mbali linaonekana kama mkunjo wa shuka. Aliyeko ufukweni anaona kifo kinakuja. Anayetazama baadaye haoni cha kutisha, na mpiga picha, akitaka kuonesha ukweli, anasogea karibu. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Maji yana tabia nyingine kabisa: yanaacha alama, na alama inapimika. Kimbunga huinua bahari kwa njia tatu. Hewa iliyo katikati yake ni nyepesi, na kila milibari moja inayopungua huiachia bahari ipande kama sentimita moja. Kwa hiyo upungufu wa milibari 50 ni nusu mita ya maji hata upepo usingekuwapo. Upepo nao huyasukuma maji kuelekea pwani, na hili ni kubwa zaidi palipo na bahari pana ya kina kifupi. Njia ya tatu ni mawimbi yenyewe, yanayovunjikia mwambani na kuyajaza maji upande wa ndani kabla hayajapata pa kutokea. Vitu hivi vitatu vinakaa juu ya maji kujaa na kupwa ya kila siku, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Visiwani Zanzibar, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua inakaribia mita nne. Wakati wa maji mafu inabaki kama mita moja tu. Kujaa kwa bamvua kunakupita kujaa kwa maji mafu kwa mita moja na ushei. Maana yake ni kwamba kimbunga kilekile, chenye upepo uleule, kinaweza kulowesha mchanga tu kikija maji mafu, na kikaingia majumbani kikija saa ya bamvua.

Sasa tuzitazame tarehe, tukikumbuka kwamba bamvua huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu wakati wa robo zake. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sultan Barghash kilipiga tarehe 15 Aprili 1872, mwezi ukiwa karibu na robo ya kwanza. Kile cha Lindi kilipiga tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, siku tano baada ya mwezi mpevu, bamvua likiwa limekwisha na maji yakielekea kuwa mafu. Kenneth kilifika nchi kavu siku moja kabla ya robo ya mwisho. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, siku tatu baada ya robo ya mwisho na siku nne kabla ya mwezi mwandamo. Vinne vyote, basi, vilikosa bamvua. Jobo cha 2021 ndicho kilichokaribia kulipata, kwani kilitufikia tarehe 24 na 25 Aprili na mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27. Lakini kilikuwa kimeshavunjika nguvu baharini. Wapenzi wa unajimu wasinielewe vibaya: kimbunga hakiulizi mwezi, na hii ni bahati tupu. Ila bahati hii imetuachia kumbukumbu iliyopunguzwa. Kila mzee anayesimulia na kila video iliyosambaa inatuonesha bahari iliyozuiliwa na maji mafu, nasi tunaamini kwamba tumeuona upeo wa kimbunga.

Kiuyu ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Rasi yake, wilayani Micheweni, inatokeza kaskazini-mashariki mwa Pemba na kuikabili bahari kuu uso kwa uso. Pemba imezungukwa na kina kirefu. Hata mkondo unaoitenga na bara unafika mamia ya mita kwenda chini. Kwa kina hicho, upepo hauwezi kuyarundika maji pwani kwa kiasi kilichoshuhudiwa Beira, Msumbiji, wakati wa kimbunga Idai mwaka 2019, ambako bahari ni ya kina kifupi na ardhi ni tambarare. Hiyo ni habari njema, na kwa bahati mbaya inaishia hapo. Kina hichohicho kinayaachia mawimbi yafike mwambani bila kupunguzwa, na nyuma ya mwamba ndipo kina mama wanapofunga mwani kwenye kamba na vijiti, ndipo mitumbwi inapolazwa.

Lipo jambo la pili ambalo litamghilibu mtu wa Kiuyu. Katika nusu ya kusini ya dunia kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kati ya vile vinavyotoka mashariki kwenda magharibi, vingi hupita kusini ya Pemba, kama Hidaya kilivyofanya. Kimbunga kinapokaribia kwa njia hiyo, upepo Kiuyu utaanza kutoka kusini, utageuka magharibi kitovu kinapokuwa sawa na kisiwa, kisha utaishia kaskazini. Kwa hiyo katika kilele chake upepo utatoka nchi kavu kwenda baharini. Pwani ya mashariki itakaa kwenye kinga ya miti na nyumba, ngozi ya maji itatulizwa, na mtu atasema dhoruba imepungua, ashuke ufukweni na simu yake. Lakini mawimbi marefu yaliyozaliwa mbali mashariki hayajali upepo wa hapa. Yatakuja kwa mpangilio wake, kubwa likiwa limejificha nyuma ya madogo matano au sita. Kanuni ya mabaharia inafaa kukumbukwa hapa: ukiupa upepo mgongo katika nusu hii ya dunia, kitovu kiko upande wa mkono wako wa kulia. Na endapo upepo utakatika ghafla katikati ya vurugu, usidhani yamekwisha. Huenda jicho limekufunika, na upepo utarudi kutoka upande wa pili ukiwa mkali vilevile.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni ya kutisha watoto, kwani Kiuyu iko takriban digrii 5 kusini ya ikweta, na vimbunga havipendi kuisogelea ikweta. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Mzunguko wa dunia ndio unaokipa kimbunga mwendo wake wa kuzunguka, na kadiri unavyoikaribia ikweta ndivyo msaada huo unavyopungua, ndiyo sababu vimbunga vichache mno vinazaliwa chini ya digrii 5. Lakini kuzaliwa na kufika ni mambo mawili. Wiki chache tu baada ya Hidaya, mwezi huohuo wa Mei 2024, kimbunga Ialy kilisogea kaskazini hadi karibu na pwani ya Kenya kabla ya kufifia. Wapemba wanalo pia somo la 1872, ingawa kwa kawaida husimuliwa kinyume. Kimbunga kile kiliiacha Pemba bila madhara makubwa, na kwa kuwa mikarafuu ya Unguja ilikuwa imelala chini, bei ikapanda, wenye mashamba Pemba wakapanda miche kwa wingi, na hadi leo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka huku. Utajiri ule unaonesha jinsi eneo la madhara lilivyokuwa jembamba. Hauoneshi kwamba Pemba ina kinga.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema kwamba video ya kutisha ndiyo inayowatoa watu majumbani, wakati alama ya maji ukutani haimtoi mtu. Sina ubishi kuwa picha ya kutisha inasukuma. Ninachouliza ni inasukuma kwenda wapi. Aliyejifunza kimbunga kwa video za mabati yanayoruka ataweka mawe juu ya paa na kubaki alipo, hatua 30 kutoka ufukweni. Idai kiliua zaidi ya watu 1,000 kusini mwa Afrika, na mafuriko ndiyo yaliyobeba wengi. Kenneth kilipokwisha kupita, mvua ziliufurisha ule mji wa Pemba siku tatu baadaye. Hidaya kilidhoofika haraka kilipogusa nchi kavu, lakini barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatwa na maji eneo la Somanga. Picha za upepo zinafundisha nusu ndogo ya somo.

Kuna video moja inayoonekana kunipinga moja kwa moja, nayo naiheshimu. Tarehe 8 Novemba 2013, wakati wa kimbunga Haiyan, mtu mmoja mjini Hernani, mashariki ya Ufilipino, alipiga picha akiwa ghorofani huku bahari ikija kama ukuta na kuizoa nyumba iliyokuwa mbele yake. Wataalamu waliichambua na kugundua kwamba mwamba wa matumbawe, ambao kila mtu huuhesabu kuwa ngao, ulichangia kuyaunganisha mawimbi yakawa wimbi moja refu linalofanana na tsunami. Hernani, kama Kiuyu, ina mwamba mbele na kina kirefu nyuma yake. Sisemi kwamba yaliyotokea kule lazima yatokee hapa, maana upana na mteremko wa mwamba vina neno lake. Lakini tazama kwa nini picha ile ilifaa. Kamera ilikaa mahali pamoja, juu, nyumba iliyomo ndani ya picha iliweza kupimwa baadaye, saa ilijulikana. Ingepigwa na mtu anayekimbia ufukweni, ingebaki kuwa kelele nyingine.

Na setilaiti je? Zinaona mawingu. Mbinu ya Vernon Dvorak inayotumiwa kukadiria nguvu ya kimbunga tangu miaka ya 1970 inasoma umbo la mawingu hayo, na kwenye bahari yetu hakuna ndege zinazoingia ndani ya vimbunga kupima kama ilivyo Marekani. Kipimo cha bahari cha bandari ya Malindi, Unguja, kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka Kiuyu. Maji yalifika wapi katika ua wa nyumba fulani pale Kiuyu, hakuna chombo cha angani kitakachosema.

Kazi yenyewe basi ni ya kabla na ya baada. Kabla, siku ya bamvua la kawaida maji yakiwa yamejaa, ambayo katika visiwa hivi huwa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, ipigwe picha ya ngazi, mbuyu, jabali au ukuta wa soko la samaki, na mtu asimame pembeni ili urefu ujulikane. Kisha kimbunga kikitangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, watu wakae mbali na pwani na simu zikae mfukoni. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufagia, wapige mahali palepale kwa pembe ileile: mstari wa mwani na takataka uliobaki juu ya majani, doa la matope ndani ya chumba, vijiti vya mwani vilivyong'oka na vilivyosimama. Doa la ndani ndilo muhimu, kwa kuwa la nje linachanganywa na michirizi ya mvua na kurushwa kwa mawimbi, wakati la ndani linaonesha maji yaliyotulia. Alama hizi hudumu siku chache tu mvua ya masika ikiendelea. Sheha anaweza kuzikusanya za shehia nzima, na ni heri azipokee kama faili kamili, kwani picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani yake. Asiyejua kutuma faili aandike saa na mahali kwenye karatasi, aiweke kando ya alama ya maji, na kupiga picha vyote viwili pamoja.