Jezi za mitumba: Zifue hivi zisikutie hasara

MFANYABIASHARA wa mitumba anayefungua belo la nguo za michezo anajua kuwa jezi inayonuka jasho au iliyobanduka namba haipati bei. Hasara nyingi huanzia kwenye beseni na pasi.

Nguo hizi hutengenezwa kwa poliesta, na zile zinazovutika huchanganywa na spandeksi. Poliesta hainywi maji kama pamba. Husambaza jasho ili likauke upesi. Lakini hushika mafuta ya mwili, ndiyo maana harufu hurudi hata baada ya kufuliwa.

Kwanza, zigeuze ndani iwe nje. Ziloweke nusu saa katika maji baridi yenye siki kidogo, zisuuze, kisha zifue kwa sabuni ya kiasi. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani huacha utando unaozuia jasho kupita. Dawa ya madoa yenye klorini huharibu spandeksi, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya sumu.

Usizikamue kwa kuzisokota. Zianike kivulini, na usizipige pasi ya moto. Huyeyusha poliesta na kubandua namba.

Siki kidogo ni nafuu kuliko kuuza jezi nzuri kwa bei ya kutupa.