Tyubu ya Kung'arisha au Kopo la Mgando?

Mpemba ni mwendo mfupi kutoka mpaka wa Tunduma na Nakonde, na bidhaa za mpakani huwahi kutufikia. Dukani, tyubu ndogo ya krimu ya kung'arisha hukaa jirani na kopo la mafuta ya mgando. Mnunuzi huuliza bei, akaona tyubu ni nafuu, akaichukua. Hapo ndipo anapopunjwa.

Piga hesabu kwa gramu. Tuchukulie tyubu ya gramu 30 inauzwa shilingi 3,000: gramu moja ni shilingi 100. Kopo la gramu 400 kwa shilingi 4,000 ni shilingi 10 tu kwa gramu. Weka bei za duka lako, kisha ulinganishe.

Gharama kubwa zaidi haiandikwi kwenye tyubu. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizi huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo. Mama mjamzito huifikisha kwa mtoto tumboni. Maji ya kuoga nayo huipeleka kwenye udongo na mito. Haidrokwinoni, kiambato kingine cha krimu hizi, ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha mabaka meusi ya bluu yasiyofutika kirahisi. Klobetasoli, ambayo nayo hutiwa humo, ni dawa ya hospitali. Ukiifanya losheni ya kila siku, ngozi hukonda hadi mishipa ikaonekana. Dada unayeitumia tayari, usiiache ghafla bila kumwona daktari, maana ngozi yaweza kuwaka vibaya.

Soma lebo. Neno "calomel" ni zebaki hiyo hiyo. Tyubu isiyotaja viambato wala mtengenezaji, irudishe mezani. Vivyo hivyo mkorogo unaopimwa kwenye kikopo: hata anayeuchanganya hana kipimo. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na huko ndiko pa kupeleka bidhaa unayoitilia shaka.

Badala ya tyubu, mafuta ya parachichi pia yananipendeza kwa nywele na visigino, na tunda lenyewe linastawi nyanda zetu hizi. Ila huchacha, kwa hiyo nunua chupa ndogo, uiweke gizani. Mgando hauchachi. Hutokana na mafuta ghafi, na hilo ni doa lake kwa anayejali mazingira, lakini kopo moja kubwa huacha taka chache kuliko tyubu kumi.

Kwa familia yenye bajeti ndogo, chukua mgando usio na manukato, hasa kama kuna mtoto mchanga.