Freddie Mercury alizaliwa wapi? Swali la alama moja

Mashabiki wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, wana mchezo wao wa kupimana. Mmoja hutega, mwingine hutegua, na anayekosa huchekwa. Awe ni mzee wa London aliyewaona jukwaani miaka ya 70, au kijana wa Mombasa aliyewajua kwa filamu ya 2018, swali la kwanza huwa ni lile lile: Freddie Mercury alizaliwa wapi? Ukijibu wapata alama moja, mchezo unaendelea. Kwao hilo ni swali la kuanzia tu. Kwetu sisi wa mwambao ndilo gumu kuliko yote, na wengi wetu twalijibu ovyo.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana una hila zake. Kuuliza tarehe hakuna utamu siku hizi, kila mtu ana simu mkononi. Swali zuri ni lile ambalo jibu linalokimbilia mdomoni ndilo la makosa. Ni kama kitendawili cha bibi: ukidhani umekipata, ndipo unapodaiwa mji.

Chukua "We Will Rock You", ule wimbo wa kupiga makofi unaosikika viwanjani dunia nzima. Nani aliutunga? Tisa katika kumi watasema Freddie. Ni Brian May, mpiga gitaa. "Another One Bites the Dust", uliofika nambari moja Marekani mwaka 1980, ni wa John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya hata ukamsahau yumo. Na huyo Deacon, ndiye mpiga besi wa kwanza wa Queen? Hapo ndipo wengi huanguka. Bendi iliundwa 1970, yeye akaingia 1971 baada ya wengine kupita. Halafu kuna mtego mkubwa: "Bohemian Rhapsody" ilikaa nambari moja Marekani wiki ngapi? Hata moja. Uingereza ilikaa kileleni wiki 9, kuanzia mwisho wa 1975, ikarudi tena kileleni 1991 mwenyewe alipofariki. Marekani, ilipotoka, ilikomea nambari 9.

Mimi lile ninalolipenda ni la gitaa la May. Hakulinunua. Alilitengeneza nyumbani na babake kuanzia 1963, na shingo yake waliichonga kwa mbao ya meko kuukuu. Hulipigia sarafu ya peni sita badala ya kile kidude cha plastiki. Na wale wazee wetu wasemao kwamba muziki ni kazi ya walioshindwa na shule, wajue kwamba May aliacha masomo yake ya elimu ya nyota kwa ajili ya bendi, akayarudia uzeeni na kupata shahada ya udaktari mwaka 2007. Deacon alisomea elektroniki. Roger Taylor, mpiga ngoma, alianza kusomea udaktari wa meno.

Sasa turudi kwa swali la alama moja.

Jibu la haraka ni "Tanzania", na ni la makosa. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Palikuwa na Zanzibar ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, na babake, Bomi, alikuwa keshia katika kazi ya serikali hiyo ya kikoloni. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroaster, wale ambao vitabu vyetu huwaita Majusi. Akiwa na miaka 8 hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikoanza kupiga piano katika bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Akarejea Unguja 1963. Januari 1964 mapinduzi yakatokea, na mwaka huo huo familia ikahamia Feltham, kando ya London. Alikuwa kijana wa miaka 17.

Hapa ndipo sisi twakosea, tena kwa pande mbili.

Upande mmoja kuna wanaomvuta awe wetu kwa nguvu. Utasikia ati alikuwa Muislamu, na ushahidi ni neno "Bismillahi" lililomo katika "Bohemian Rhapsody", na wimbo "Mustapha" wa mwaka 1978 ambao ndani yake mna jina la Mwenyezi Mungu. Maneno hayo yamo kweli, naye ndiye aliyezitunga nyimbo zote mbili. Lakini Muislamu hakuwa. Alipofariki London, 24 Novemba 1991, mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizoroaster, kisha maiti ikachomwa. Mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe kusikia Bismillahi si ajabu. Hata mtoto wa Kigoa wa Mombasa ailijua kabla ya kuanza shule.

Upande wa pili kuna wasiotaka hata jina lake litajwe, kwa sababu ya maisha aliyoishi na maradhi ya UKIMWI yaliyomuua. Mwaka 2006 kulipangwa sherehe Unguja ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, ikafutwa baada ya kundi la kidini kupinga. Mimi si mufti, na suala la muziki na hukumu yake nawaachia wenye elimu. Amali zake ana Mola wake. Lakini kusherehekea ni jambo moja na kujua ni jambo jingine, na kumfuta mtu hakufuti cheti chake cha kuzaliwa. Aliyefaidika na ukimya wetu ni mtembeza watalii, ambaye kwa miaka mingi alionyesha nyumba hii, kesho ile, kila moja ikiitwa nyumba ya Freddie. Tangu 2019 kuna jumba la makumbusho pale Shangani, na hao wanaolipa kiingilio wengi wao ni wageni.

Mwenyewe hakuwa mwepesi wa kuizungumzia Zanzibar. Sishangai. Kuna nyumba hapa Mombasa zenye mabibi waliovuka kutoka Unguja mwaka uo huo wa 1964, na ukiwauliza habari ya safari ile hukujibu kwa kukumiminia chai. Wahindi, Waarabu, Wangazija, kila mmoja aliondoka na alichoweza kubeba. Bulsara walikuwa familia moja tu katika hao.

Kwa hivyo mimi nikiwatega vijana wa barazani swali la alama moja, huongeza la pili: kwa nini aliondoka? La kwanza walipata wote kabla sijamaliza kuuliza. La pili walianza kuzifungua simu zao, na mzee aliyekuwa akicheza bao pembeni, ambaye Queen hajui ni bendi au ni malkia, akalijibu bila kuinua kichwa, mwezi na mwaka.